Finjani ya Bwana Adachi

Hebu niambie, wewe umeshamuona mtu akakubali ombi ambalo hajaombwa? Mimi nimemuona, na nimeolewa naye miaka arubaini na saba.

Mume wangu, Marhun, alikuwa karani katika ofisi ya liwali hapa Sur mpaka alipostaafu. Nyumba yetu iko Aija, ng'ambo ya khori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, na ukimuuliza anakaa wapi hasemi Sur hata umtishie kisu. Daraja wamelijenga, gari inapita kwa dakika mbili, yeye bado anaaga "nakwenda Sur" kama mtu aliyekata tikti ya ndege.

Mjukuu wetu Rumaitha anafanya kazi baladia, ile ofisi ya mji inayoshughulikia taka, vibali vya nyumba na mbuzi wanaozurura. Mwaka huu wamemchagua kwenda Japani mwaka mzima, mkoa unaoitwa Tottori, akajifunze namna mkoa mdogo wa pwani unavyojiendesha. Barua ilitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Baba yake yuko Nizwa, naye alisema, "Mkubwa ni babu yake. Akiridhia, mimi sina neno."

Basi Rumaitha akamwendea babu yake. Lakini kamwendea vipi?

"Babu, kazini wamenichagua niende Japani."

"Waambie wamchague mwengine."

Siku ya pili akarudi. "Babu, mkurugenzi anasema ni nafasi nzuri."

"Basi aende mkurugenzi."

Nikamshika jikoni, nakaanga vitumbua. "Mwanangu, kila siku unapeleka maneno ya watu. Barua imesema, mkurugenzi kasema. Wewe wasemaje?"

Akachukua kitumbua cha moto, akajitia kaungua ulimi. Mtoto tumemlea vizuri mno, na hilo ndilo kosa letu. Tulimfundisha kuwa binti wa watu hasemi "nataka" mbele ya wakubwa. Sasa ana miaka ishirini na sita, anaendesha gari peke yake mpaka Sinaw, na neno lile bado linamkwama kooni kama mwiba wa changu.

Zikabaki siku tatu za kujibu. Ikatokea kuwa mtu wa mkoa huo wa Tottori, Bwana Adachi, yuko Sur kwa kazi hiyo hiyo, naye akaomba aje kuwasalimia wazee wa binti. Marhun akasema mgeni hafukuzwi, aje. Lakini akamgeukia Rumaitha: "Wewe utatafsiri. Linalosemwa ndilo useme. Usitie chumvi."

Akaja baada ya alasiri. Mtu wa makamo, suti ya buluu, viatu kavivua mlangoni na kuvipanga vikitazama nje, nikampenda pale pale. Akainama. Marhun akainama. Akainama tena. Marhun mgongo unamsumbua, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemleta.

Tukakaa majlisi, chumba cha wageni. Tende zipo, halwa ipo, vitumbua vyangu vipo. Marhun akamimina kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akampa mgeni finjani. Bwana Adachi akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini mbele yake. Hakunywa.

Sasa wewe usiyezijua ada za huku, nikueleze. Mgeni akiiweka finjani chini asiinywe, ana haja. Hanywi mpaka mwenye nyumba amwambie haja yako imekubaliwa. Na mwenye nyumba akiiacha kahawa ya mgeni ipoe, aibu yake inamfuata mpaka safu ya kwanza msikitini. Watu wameozesha mabinti na kusamehe damu kwa finjani moja.

Marhun akaiona, rangi ikambadilika. Akaniinamia sikioni. "Huyu kaja kuposa."

"Ana pete ya ndoa, wewe."

"Sharia inaruhusu wanne."

"Sharia ya kwao au ya kwetu?"

Akamwambia Rumaitha, "Muulize habari za kwao." Ndivyo anavyoulizwa mposaji.

Bwana Adachi akafurahi kuulizwa. Akatoa ramani kwenye mkoba, akaitandaza juu ya zulia, kitumbua kimoja nikakiokoa kwa haraka. Mkoa wao, akasema, umejinyoosha kando ya bahari, bahari kaskazini, milima kusini, na theluji kila mwaka. Watu hawafiki laki sita. Vijana wanahamia miji mikubwa. Gavana wanampigia kura wenyewe. Kuna miji mikubwa minne, midogo kumi na minne, na kijiji kimoja. Na ufukweni kuna vilima vya mchanga, ambako watalii hupandishwa ngamia.

"Ngamia?" Marhun akakaa sawa. "Wangapi?"

Rumaitha akauliza. "Wachache tu, babu."

"Anataja mali," akaninong'oneza. "Si nilikwambia?" Halafu kwa sauti: "Hicho kijiji kimoja kina nini?"

"Kinaitwa Hiezu. Kidogo sana, kilomita nne za mraba. Mji wa Yonago umekizunguka kila upande, ila upande wa bahari. Wenzake wengi waliunganishwa na miji, chenyewe kimebaki na mkuu wake, baraza lake na ofisi yake."

"Na hiyo Yonago iko ng'ambo ya daraja?"

"Hakuna daraja, babu. Unavuka barabara tu."

"Barabara tu, na hawakuungana." Marhun akaweka mkono kifuani. "Hao ni watu wa Aija."

Akatengeneza kilemba, akanyanyua kidevu kama yuko mbele ya kadhi. "Mwambie anywe. Haja yake imekubaliwa."

Rumaitha akanitazama mimi. Mimi nikaitazama halwa. Akatafsiri, bila chumvi.

Bwana Adachi akashangaa, akajibu kwa adabu, kirefu. Rumaitha akasema polepole, "Anashukuru, babu. Anauliza haja gani. Alikuwa anakusubiri wewe unywe kwanza. Kwao mdogo hamtangulii mkubwa."

Na Marhun kahawa kakatazwa na daktari tangu Shaabani. Wangekaa hivyo mpaka adhana ya Isha. Na yule binti, anayepokea wageni wa baladia kila wiki na kuzijua ada zao, alikuwa anaweza kumwambia mtu wa watu "kunywa" tangu mwanzo. Nilimuona akiitazama ile finjani.

"Kwa hiyo hana haja," Marhun akasema.

"Hana, babu."

"Wala hakuja kuposa."

"Ana wajukuu watatu, babu."

Marhun akazisogeza kokwa za tende kwa kidole, moja baada ya moja. "Mimi nimeshasema imekubaliwa, mbele ya mgeni, na neno langu silimezi. Sasa nataka kujua. Nimekubali haja ya nani?"

Bwana Adachi akanywa kahawa yake, iliyokwisha poa, akakunja uso kwa uchungu wake. Rumaitha kainamisha kichwa.

"Kazini wame..." akaanza.

Nikamfinya paja.

"Yangu, babu," akasema. "Nataka kwenda. Nilitaka tangu siku ya kwanza."