Mguu wa Saa Kumi

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mteja wa kwanza alivaa kiatu cheusi, akatembea hatua sita, akapiga picha namba iliyo ndani yake, akakirudisha rafuni na kutoka. Nikaandika: ameingia mmoja, hakununua.

Hiyo ilikuwa miaka kumi na minne iliyopita, siku yangu ya tatu ya kuhesabu katika duka la shangazi. Waliingia watu sitini na wawili. Tisa tu walinunua. Waliobaki walijaribu viatu kwake, kisha wakaviagiza kwingine kwa simu. Ijumaa mwenye jengo angetaka jibu: shangazi aongeze mkataba au afungashe virago. Mimi niliyesomea takwimu nilishaandika ushauri: funga.

Shangazi aliusoma mara mbili.

"Mtaalamu, umewahesabu wanaotoka. Viatu vikiwabana, wanakwenda kulia wapi?"

Siku iliyofuata mchana akaingia muuguzi anayechechemea, boksi kwapani.

"Mama, usinicheke. Niliagiza kwenye simu."

"Nikucheke kwa lipi? Rudi saa kumi."

Shangazi hakuwahi kupima mguu wa mteja asubuhi. Mguu, alisema, huvimba kwa kusimama kutwa, na watu huagiza namba ya mguu uliotoka kitandani. Saa kumi alimsimamisha muuguzi juu ya karatasi, akachora miguu yote miwili. Wa kushoto ulizidi kwa milimita saba. Akakipanua kiatu cha kushoto kwa kalibu ya mbao yenye umbo la mguu, akatoza ujira wa kupanua, na mchoro akampa bure.

"Ukiagiza tena, fuata huu. Ukiagiza kupitia kwangu, sitakasirika."

Kesho yake muuguzi alileta wenzake wanne. Wawili walimwachia shangazi kazi ya kuwaagizia. Nilichokiandika kuwa hasara, yeye alikiona kuwa kazi isiyo na mwenyewe. Niliuchana ushauri wangu bila kuombwa.

Ijumaa, saa kumi na nusu, mwenye jengo alikuta watu saba kwenye benchi, kila mmoja na boksi lisilotoka kwetu.

"Mama Viatu, hawa wamenunua wapi?"

"Kwingine."

"Sasa wewe unawauzia nini?"

"Namba zao."

Shangazi alitia saini mkataba wa miaka miwili, akamrudishia mwenye jengo kalamu, akamwambia avue viatu.

Akavua.