Midomo ya Bi Alhamisi

Kila Jumamosi asubuhi Wakili alimsomea mkewe safu yake kabla ya kuituma gazetini. Alisimama katikati ya sebule akiwa na kaptura na soksi, kikombe cha chai amekiweka juu ya kabati la runinga. Mkewe alikaa sakafuni, kitambaa kimemzunguka pande zote, akipinda mapazia ya watu. Mtaani walimwita Mama Pazia. Safu iliitwa "Kwa Maoni Yangu", na ilichanganya mambo matatu ambayo Wakili alijiona anayajua kuliko jirani yeyote: sheria, mambo ya kanisa, na yanayoonyeshwa kwenye runinga. Mama Pazia alisikiliza akiwa na pini mdomoni, na hiyo ilimpa sababu nzuri ya kutojibu.

Jumamosi hiyo, kama Jumamosi kadhaa zilizotangulia, safu ilimhusu mwanamke wa kwenye tamthilia ya Alhamisi. Tamthilia yenyewe ilitengenezwa ng'ambo ikaja kutiwa sauti za Kiswahili, kwa hiyo midomo ya mwanamke huyo ilimaliza kusema kabla maneno hayajafika. Alikuwa na jina refu la kigeni ambalo hakuna aliyelimudu, watu wakamwita Bi Alhamisi. Mumewe alimpiga, naye akamkimbia mume huyo, na mji mzima ukawa upande wake. Wakili aliandika kwamba na sheria iko upande wake. Aliandika kuhusu shingo yake. Neno "macho" aliliandika mara nyingi kuliko sheria inavyohitaji. Mwishoni akaandika kwamba mama huyu angekuwa wa hapa kwetu, mlango wa kanisa letu ungekuwa wazi kwake, na mahali pa kukaa asingekosa.

"Unaonaje hapo mwisho?" aliuliza.

Mama Pazia alitoa pini. "Shingo umeitaja mara mbili."

Wivu ulimchoma. Miaka yote ya safu hiyo hakuwahi kuandikwa yeye, hata kwa mafumbo, hata ile wiki Wakili alipoandika kuhusu wake wema na kuishiwa na mifano.

Bi Alhamisi alikuja kanisani kesho yake. Aliingia wakati wa wimbo wa pili, muziki wa huzuni ukimtangulia kidogo mlangoni, akatembea hadi benchi la mbele na kukaa kushoto kwa Wakili. Mwanga ulimwangukia upande mmoja wa uso, ingawa dirisha lilikuwa upande wa pili. Waumini walisogeana. Mzee wa sadaka alimpitishia kikapu, naye mgeni akatia kitu ambacho wakati wa kuhesabu hakikuonekana, na hilo halikuwa geni katika kikapu kile. Kulia kwa Wakili alikaa mkewe, aliyegundua kwamba mumewe amenyoa ndevu vizuri kuliko alivyonyoa siku ya harusi yao.

Kwa kuwa mgeni hakuwa na mahali pa kufikia, alifikia kwao. Chumba cha wageni kilikuwa na mtu tayari: mdogo wake Mama Pazia, ambaye wazazi wao walimpa jina la Kinanda tangu utotoni kwa sababu ya sauti yake. Kinanda alikuwa amekuja kutoka kwa mumewe na begi moja, jicho lililofumba na kidole kilichovunjika. Wakili mwenyewe ndiye aliyempeleka hospitali. Sasa alimwomba ahamie chumba cha kushonea, kwa muda tu.

"Shemeji, wewe ni mtu wa nyumbani," alimwambia.

Kinanda akalala kati ya majora ya vitambaa. Hakunung'unika, maana alikwishazoea kusogezwa.

Mgeni hakuwa na usumbufu mkubwa. Alhamisi jioni, taarifa ya habari ikikaribia kwisha, aliinuka akaingia kwenye runinga, na majina ya waigizaji yalipomaliza kupita alirudi kwenye kochi. Kama kwenye tamthilia mvua ilinyesha, zulia lililowa. Mara nyingine alikatiza kilio, akatabasamu, akainua kipande cha sabuni na kukisifu, kisha akaendelea kulia pale alipoachia. Mama Pazia alimchunguza kwa jicho la mke mwenye wivu, ambalo halipitwi na kitu. Mgeni hakutoka jasho. Chakula alikipeleka mdomoni kwa uma na sahani haikupungua. Akilia, yalidondoka machozi mawili, moja kila jicho, na pua ikabaki kavu. Wakili alimkimbilia na leso hata hivyo. Wiki hiyohiyo Mama Pazia aliumwa jino mpaka shavu likavimba, na leso yake aliitafuta mwenyewe.

Siku moja alimfuata jikoni, mikono kiunoni.

"Mwenzangu, kwenu hakuna watu?"

"Nilimpa ujana wangu wote," alisema Bi Alhamisi, midomo ikitangulia. "Na yeye alinipa nini?"

Lilikuwa jibu zuri, na hilo ndilo lililomuudhi Mama Pazia zaidi. Akarudi kusugua sufuria.

Baraza la wazee wa kanisa lilikaa kujadili kama mgeni anaweza kushiriki meza ya Bwana. Aliyewamiminia chai alikuwa Mama Pazia, kama alivyowamiminia siku ya shauri la mdogo wake. Siku hiyo Kinanda alisimama mbele yao akaeleza yote. Alilia vibaya, kamasi zikashuka mpaka kwenye kitambaa cha meza, na mzee mmoja akakisogeza kikombe chake. Wakili, akiwa mshauri wa sheria wa kanisa, alitoa maoni kwamba mke anayetoka nyumbani kwa mumewe na kudai amepigwa lazima alete mashahidi wawili au watatu. Mashahidi hawakupatikana. Majirani walisema hawakuona kitu wala kusikia kitu, na hawakudanganya. Nyumba ya Kinanda ilikuwa na mapazia mazito yenye bitana, yasiyopitisha mwanga wala kelele. Aliyeyashona, yakiwa zawadi ya harusi, ni Mama Pazia, na aliyashona kwa mapenzi yake yote. Basi Kinanda akatengwa. Asishiriki meza, asiimbe kwaya, na wakati wa meza atoke nje.

Shauri la Bi Alhamisi lilikwenda haraka.

"Huyu naye ametoka kwa mumewe," mchungaji alisema. "Ila yeye alipigwa."

"Nani ameona?" aliuliza Wakili, kwa kufuata utaratibu.

Wazee wote waliinua mikono. Waliona Alhamisi baada ya habari, na waliokosa waliona marudio. Mmoja aliongeza kwamba yeye aliona kwa karibu kabisa, mpaka alama ya pete shavuni. Wakili alisema ushahidi wa namna hiyo haujapata kuletwa mbele ya baraza. Mgeni akapokelewa. Mwalimu wa kwaya akapendekeza siku ya kushiriki kwake aongoze wimbo, kwa kuwa nafasi ya kiongozi ilikuwa wazi. Mama Pazia alimwaga chai kidogo kwenye sahani ya mtu, akaomba radhi.

Walipofika nyumbani hakuvua hata viatu.

"Wakili." Alimwita hivyo alipokuwa na jambo zito. "Wiki hii andika kuhusu mdogo wangu. Aya moja tu. Wazee wote wanakusoma, ukisema arudishwe watamrudisha."

"Mama, kesi ya shemeji ni tofauti. Mimi namwamini, sana tu. Lakini ushahidi hakuna."

"Jicho uliliona."

"Niliona jicho. Sikuona ngumi."

Kwenye kochi Bi Alhamisi alidondosha machozi mawili. Wakili akaenda kukaa karibu naye, ndipo Mama Pazia akavua viatu.

Mwalimu wa kwaya alileta joho la kiongozi lipunguzwe kiuno. Lilikuwa joho la Kinanda. Mama Pazia ndiye aliyelishona, na ndani ya kola alitarizi ua dogo jekundu ili mdogo wake asije akalichanganya na ya wenzake. Alilipunguza, maana kazi ni kazi. Lakini wivu kwa ajili ya mume na wivu kwa ajili ya mdogo wake ulisokotana hata asijue upi unauma zaidi, akaacha pini ndani kwa makusudi, upande wa mbavu. Bi Alhamisi alipolijaribu joho, pini iliingia upande mmoja ikatokea wa pili, ikaanguka sakafuni. Mama Pazia aliiokota akairudisha kwenye kopo la pini.

Jumapili kanisa lilijaa. Ulipofika wakati wa meza, Kinanda alitoka bila kuambiwa, akasimama chini ya upenu, kwenye dirisha lililo nyuma ya kwaya. Bi Alhamisi alipokea mkate na kikombe, akapanda mbele, gitaa likaanza, naye akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Watu wa kumtia sauti hawakuwa kazini Jumapili. Midomo ilikwenda, gitaa lilikwenda, maneno hayakufika. Mwalimu wa kwaya alirudia mwanzo, jasho likimtiririka.

Kinanda hakuweza kuvumilia wimbo uliokwama. Utotoni, walipolala godoro moja, dada yake alianzisha wimbo na kupitiwa na usingizi katikati, na ilibidi yeye aumalize ndipo alale. Basi akaimba. Sauti iliingia dirishani, ikapita juu ya vichwa vya kwaya, ikatua kwenye midomo ya Bi Alhamisi na kuenea sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu tamthilia hiyo ianze. Waumini waliinama kwa kilio. Wakili alilia kuliko wote, kamasi zikamtoka, akazifuta kwa mkono wa koti, na waliomwona walisema ana moyo wa ibada. Mama Pazia aligeuka kulitazama dirisha, na hakuna mwingine aliyegeuka.

Baada ya ibada alimfuata mchungaji mlangoni.

"Mchungaji, aliyeimba ni mdogo wangu."

"Tumesikia, mama," mchungaji alisema kwa upole. "Lakini kanisa zima limeona midomo ya nani ilifunguka. Una shahidi wa pili?"

Mama Pazia alimtafuta mumewe kwa macho. Wakili alikuwa akimfungulia Bi Alhamisi mlango wa gari, ule wa mbele.

Baraza lilikaa tena. Iliamuliwa kwamba dirisha la nyuma ya kwaya liachwe wazi kila Jumapili, na Kinanda awe anawahi kufika hapo. Sababu haikutajwa. Kutengwa kwake kulibaki palepale, ila walimwekea mkeka asikanyage tope. Kisha ikaonekana kwamba wageni wanaotembelea kanisa wanapenda kuchungulia dirishani na kuchanganyikiwa, kwa hiyo ikaamuliwa lishonwe pazia, lenye kuzuia macho na kupitisha sauti. Kazi alipewa Mama Pazia kwa bei ya kanisa, yaani bure.

Jumamosi Wakili alisimama katikati ya sebule na soksi zake. Mama Pazia alikuwa sakafuni na pini mdomoni, na Kinanda amemshikia upande wa pili wa kitambaa. Bi Alhamisi alikuwa kwenye kochi, amekaa kwenye mto wa Wakili.

"'Sauti ya mtu aliyeonewa,'" Wakili alisoma, "'hujulikana hata gizani. Tuliokuwepo tuliitambua mara moja.' Unaonaje hapo mwisho?"

"Mliitambua," alisema Mama Pazia, bila kutoa pini.

Wakili aliona amesifiwa, akaenda kuituma.

Kinanda aliupima upindo kwa kiganja. "Dada, huku chini umekata pafupi."

"Najua."

"Wataona mikono yangu."

"We ukifika shika kizingiti. Kishike kwa nguvu."

Kinanda alimtazama dada yake, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu aje na begi lake, akauingiza uzi kwenye sindano.

Jumapili pazia lilitundikwa, likapungua shibiri nzima chini. Kwaya ilipoanza, vidole vya Kinanda vilijitokeza chini ya upindo, vimekishika kizingiti cha dirisha, na kimoja kilikuwa kimepinda kando kwa sababu hakikuunga vizuri. Kila sauti ilipopanda, vidole vilikaza. Bi Alhamisi alikuwa amefumbata mikono kifuani, midomo yake ikienda sawa na wimbo. Kutoka kwenye mabenchi yote vidole vilionekana vizuri. Wakili, aliyekuwa amemshikia mgeni kitabu cha nyimbo, aliviona na yeye, na kile kilichopinda alikijua, maana ndicho alichokipeleka hospitali kwa gari lake. Alifungua ukurasa unaofuata. Mama Pazia hakuimba. Alikaa akisubiri mtu yeyote aseme neno, mumewe kwanza.

Ibada ilipokwisha mchungaji alilishika pazia, akalivuta kidogo kuelekea chini, likarudi juu. Alisema kitambaa kimesinyaa. Wazee walilitazama mmoja mmoja, na Wakili akalitazama mwisho, wakakubaliana kwamba vitambaa vya siku hizi ndivyo vilivyo.