Kigingi cha Mpimaji

Mimi ndiye niliyewaambia wamzike mtoto pale. Nalisema mwanzo kabisa, maana watu wa kata yetu wana adabu kupita kiasi, hawanikumbushi.

Ilikuwa vuli ya mwaka wetu wa kwanza Dakota, huku Marekani. Binti wa majirani zangu, Eilert na Marit, alikufa kwa kifaduro kabla hajatimiza miaka miwili. Hatukuwa na kanisa wala makaburi. Hata mti hatukuwa nao. Ilikuwa nyasi tupu mpaka macho yachoke, na Marit aliogopa kitu kimoja tu: kwamba theluji ikishuka na nyasi zikiota upya, hatalijua tena kaburi la mwanawe.

"Mlazeni kwenye kigingi cha mpimaji wa ardhi," nikamwambia. "Kile ni cha serikali, hakuna mwenye ruhusa ya kukigusa. Hakitapotea."

Marit akanishika mikono yote miwili. "Mungu akuweke, kaka Sjur." Nami nikajiona mtu mwenye busara.

Hakuna kati yetu aliyejiuliza vigingi vile viliwekwa kwa kazi gani. Kwetu Norway barabara hufuata mto na bonde. Nani angedhani kuna nchi ambayo barabara hufuata mnyororo wa kupimia wa mtu aliyepita siku moja akaenda zake?

Baada ya miaka mitatu tulitosha kuunda kata. Tulikutana mwezi Machi zizini kwa jirani yetu Halvor, ng'ombe wakitusikiliza, na asubuhi nzima ikaishia kwenye kugombania jina.

"Tuiite Hardanger, kama kwetu Norway," akasema Halvor.

"Hardanger ina matunda, wewe!" akadakia Eilert. "Hapa tuseme Kata ya Upepo, wageni wasije wakatushtaki kwa uongo."

Tulicheka mpaka ng'ombe wakageuka kututazama. Huo ndio mzaha wa mwisho wa Eilert niliowahi kuusikia.

Wakanichagua mwenyekiti, nikavimba kichwa. Kisha tukafika kwenye suala la barabara. Sheria ilikuwa wazi: zipite juu ya mistari ya mpimaji, hatua kumi na mbili kila upande, vigingi vikae katikati. Eilert akasimama, uso umemwisha damu.

"Mtoto wetu yuko pale," akasema. "Ipindeni kidogo tu jamani, upande wa Sjur."

Upande wangu ulikuwa ngano. Ardhi ile niliipasua kwa maksai majira mawili, mabega yakachubuka. Tulipiga kura kwa mikono: sita wakataka ipinde, sita wakakataa. Marit alikuwa mlangoni na shali yake kichwani. Wanawake hawakuwa na kura.

"Amua, Mwenyekiti," akasema Halvor.

"Tukiipinda hii, kila mtu atataka yake ipindwe. Inyooke." Mdomo ulisema sheria, moyo ulikuwa kwenye ngano.

"Kaka Sjur," akasema Marit, polepole, "ulituambia hakitapotea."

"Kigingi hakijapotea," nikajibu.

Mungu anisamehe, ndivyo nilivyomjibu. 

Mwezi Aprili, ardhi ilipoyeyuka barafu, nikawaona Eilert na Marit wanachimba pale kwenye kigingi. Nikachukua sepetu nikaenda. Marit hakuinua kichwa.

"Rudi nyumbani, Bwana Mwenyekiti. Safari ile ulitusaidia kuchagua mahali. Hii tutachagua wenyewe."

Walimpeleka nyuma ya nyumba yao, katika kijisanduku kilichokuwa kimeanza kuoza. Nilisimama na sepetu yangu mpaka wakapotea machoni, nikaona aibu hata mbele ya farasi wangu.

Ni miaka kumi na tisa sasa. Pale barabarani hapana kitu, najua. Lakini tangu siku ile nikipeleka ngano stesheni sijawahi kuthubutu kupitisha magurudumu juu ya mahali pale. Navuta hatamu, nazunguka kupitia shambani kwangu. Farasi wamezoea, siku hizi wanapinda wenyewe. Majirani nao wakafuata nyayo zangu bila kuuliza, na sasa njia imeingia ndani ya ngano yangu hatua kumi na mbili, kama vile Eilert alivyoomba.

Marit peke yake hazunguki. Juzi tulikutana pale, mimi nikipinda, yeye akinyoosha. Aliniamkia kwa adabu, akapita katikati.