Daktari Aliyepitishwa Haraka

Mhakiki wa vyeti vya madaktari katika kampuni ya bima alikuwa akimenya chungwa mezani pake pale daktari wa watoto, aliyezikwa mwaka juzi, alipoingia kuchukua kitambulisho chake cha kuwatibu wenye bima. Alipangusa viatu mlangoni, maana vilikuwa na udongo, akaketi.

"Pole na kazi, mama."

"Nishapoa, daktari. Habari za huko?"

"Kimya tu."

Mhakiki alimtupia jicho la pembeni. Si kwa kuwa alikuwa maiti. Hilo alilijua, mazikoni alikwenda na kulia alilia. Kilichomtia wasiwasi ni ile haraka. Maombi aliyoyaacha marehemu yalipita asubuhi hiyohiyo kwa utaratibu mpya uliosifiwa kila kikao. Ya mdogo wake yeye mhakiki, binti aliye daktari wa watoto mzima wa afya, yalikuwa bado yanapigwa danadana: leo picha imefifia, kesho chuo hakijajibu. Na bila kuidhinishwa, wenye kadi za bima hawakuruhusiwa kutibiwa naye.

Akaenda kwa meneja.

"Bosi, huyu amekufa."

Meneja hakuinua macho. "Vyeti vyake vina kasoro?"

"Havina."

"Kuna mgonjwa anayemlalamikia?"

"Tangu afe, hapana."

"Basi usitukwamishe, dada. Watu kama hao ndio wepesi."

Watu kama hao. Mhakiki alitoka na neno hilo likimkereketa. Kwenye korido waliketi wengine wenye makoti meupe, wametulia, hakuna aliyekohoa. Ndiyo maana matangazo ya kampuni yalijisifu kwamba madaktari wamejaa tele.

Akamrudia marehemu. "Daktari, si ukatae tu?"

"Nilikataa, mama. Wanasema anayejitoa lazima athibitishe yu hai."

Jumatatu marehemu akapangiwa chumba katika zahanati ileile alikofanyia kazi mdogo wake mhakiki. Alijitahidi, masikini. Lakini mikono yake ilikuwa ya baridi, watoto wakiguswa wanaruka, na sikio lake lilikwishazoea kimya. Kifua cha mtoto hakikumwambia kitu. Ikabidi amwite yule binti. Binti akapima, akaandika dawa, marehemu akatia sahihi. Kina mama wakamshukuru marehemu.

Mhakiki alipopita kumwona mdogo wake, alimkuta ameegemea ukuta nje ya chumba hicho, simu mkononi.

"Wamenijibu, dada."

"Wamekupitisha?"

"Wamenikataa. Eti eneo hili lina madaktari wa watoto wa kutosha."

Mhakiki alichungulia ndani. Marehemu alikuwa amesikia. Aliinamisha kichwa kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

"Si wewe, daktari."

Mama mmoja akaingia mbio na mtoto anayehema kwa shida, kadi ya bima kaishika kwa meno. Hakumtazama binti. Alimwekea marehemu mtoto mapajani.

"Daktari," marehemu akaita, akisogea kupisha, "njoo upesi."

Binti akatia simu mfukoni, akaingia.