Ngombe ya Théogène na Hesabu ya Maraisi

Kwa mama Kaswera, pale Mapendo, ambapo wanaume wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa mirija kutoka kibuyu kimoja, hakuna mutu aliyewafuata maraisi wa Amerika kama muzee Harelimana. Wakubwa wa hapa kwetu aliwatukana wote bila kuchagua: hao wanatukimbiza kutoka milima yetu na hawajisumbui hata kutuhesabu. Lakini wale wa ng'ambo aliwasikiliza kila asubuhi kwenye radio, kama mutu anayepima homa ya mutoto.

Sababu ilikuwa Théogène, mwanawe, aliyekuwa Texas bila makaratasi. Wenzake walimuhurumia, wakasema upendo wa baba huo. Hawakujua kwamba kilichomukosesha usingizi ni ngombe. Kabla ya kuondoka, Théogène aliacha Masisi ngombe jike mwenye baka jeupe usoni, akamuomba baba amutunze mpaka siku ya kuoa. Kwetu baba ndiye anayetoa ngombe ili mutoto aoe. Harelimana aligeuza desturi ndani nje: alipochoka na ujane, alitoa ngombe ya mutoto, akaoa yeye. Sasa ngombe ilikuwa inazaa kwa wakwe, na Nyiramahirwe, muke aliyepatikana kwa ngombe hiyo, alikuwa jikoni kwake.

Théogène akifukuzwa, ataulizia ngombe kabla ya kuomba maji ya kunywa.

Jumapili moja, baada ya misa, muzee alimusukumia mrija Damien, kijana anayefanya kazi kwenye biro moja ya Himbi, akamuomba atafute kwenye simu ni raisi gani alifukuza watu wengi. Damien akasoma: Obama, kwa miaka nane, karibu milioni tatu; Trump, kwa manda ya kwanza ya miaka minne, milioni moja na kitu. Hata ukigawanya kwa mwaka, wa kwanza alimupita.

Muzee akanyoosha miguu kwa raha. "Munaona? Ule wa kucheka vizuri alifukuza kupita ule wa makelele. Debe tupu haliachi kuvuma."

"Pole pole, papa," Damien akasema. Akaeleza kwamba hesabu hizo zina ujanja. Wengi wa wakati wa Obama walishikwa mpakani, wakageuzwa kabla viatu havijakauka maji ya mto. Mwenye kuhesabu mumoja anawaingiza hao, mwingine anawaweka kando. Siku hizi, Trump amerudi, watu wanafuatwa ndani ya inchi, kazini, hata kwenye mlango wa tribinali.

Miguu ya muzee ikarudi chini ya kiti. Alibisha kwamba aliyegeuzwa kwenye kizingiti amefukuzwa sawa na mwingine, ahesabiwe. Mama Kaswera akasema yeye mwenyewe amefukuza wa mlangoni na wa ndani, na wa ndani ndio wanaondoka na matusi mengi. Watu wakacheka mpaka mirija ikatoka midomoni. Harelimana hakulegea. Alibishana nao mpaka kibuyu kikakauka, na wote, kwa kuchoka tu, wakakubali kwamba raisi wa sasa hafukuzi sana. Akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Alikuwa bado anavua koti simu ilipolia.

"Papa, niko Kigali, nimeshuka ndege."

Harelimana akakaa kitandani. "Wamekufukuza?"

"Hapana. Hakuna mutu alinifukuza. Nilichoka kujificha, nikanunua tiketi mwenyewe."

Muzee akapekua kichwani maraisi wote wa Damien, mmoja mmoja. Hakuona wa kumubebesha mutu wa namna hiyo. Wamesoma, wana mashini, wanahesabu hata wale wa mpakani, na hawakuona anayerudi kwa miguu yake.

"Basi wewe hauko mu hesabu," akasema kwa uchungu.

"Hesabu gani tena, papa? Kesho niko hapo. Nataka kuoa. Ngombe yangu iko muzima?"

Kupitia mlango wa jikoni Harelimana alimuona Nyiramahirwe akitwanga majani kwenye kinu kwa mikono imara, akiimba wimbo wa kanisa.

"Iko muzima sana," akasema. "Utaikuta jikoni, inatwanga sombe."