Alama za Corinne

Nilifanya mimi, na sitaki kuzungushana na mtu. Mitihani ile ya sekondari ya ngazi ya chuo, inayokuwezesha kuruka masomo ya mwanzo chuoni, ukiifanya, unaruhusiwa kupeleka alama bure kwenye chuo kimoja, na lazima ukichague kabla hujajua umepata ngapi. Binti yangu Corinne alichagua Marlow, mwendo wa saa saba kutoka kwetu Saginaw. Siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho niliingia kwenye akaunti yake, nikaitoa Marlow, nikaweka chuo cha hapa mjini. Neno la siri nilikuwa nalo, si mimi niliyemfungulia? Nilijiambia labda atabadili mawazo. Mama ana akili gani mtoto akimwambia anaondoka!

Julai alama zikatoka. Hesabu, tano juu ya tano. Corinne aliruka jikoni mpaka sahani zikalia, nami nikaruka naye, mnafiki mkubwa.

Wiki mbili baadaye tukaenda Marlow kupanga masomo. Mshauri, Bwana Pruitt, alitazama kompyuta akakuna kidevu.

"Alama zako hatuna, binti. Itabidi uanze hesabu za mwanzo."

"Lakini nimepata tano! Hizi hapa kwenye simu."

"Za simu hatupokei. Zikitumwa leo zitachukua wiki nzima, na darasa la juu limebaki nafasi mbili. Tunafunga saa kumi. Ukilikosa, uhandisi wako unarudi nyuma mwaka mzima."

Corinne hakunitazama.

"Basi nilikosea mimi kujaza," alisema.

Mungu anisamehe, kwanza nilishusha pumzi. Halafu ndipo akili ikanijia: mtoto huyu hukagua kila kitu mara tatu. Hapo hapo alikuwa ameng'amua ni mimi, na alikuwa ananisitiri mbele ya mgeni.

"Hakukosea," nikasema. "Ni mimi. Nilibadilisha kwa siri, nilitaka abaki nyumbani. Bwana, mwandike mtoto, tafadhali. Alama zitakuja, nakuapia."

Bwana Pruitt aliweka kalamu chini. "Naweza kumwomba mkuu wa idara," alisema. "Siahidi kitu."

"Asante," Corinne akamjibu. Kisha akanigeukia, sauti yake ya kawaida kabisa. "Mama, naomba usubiri nje."

"Corinne, mwanangu..."

"Nje, Mama. Haya ni mambo yangu."

Nikatoka. Aliufunga mlango mwenyewe, taratibu, bila hasira. Miezi miwili nilikuwa nahangaika asiondoke, kumbe ameshaondoka.