Dengu za Muuza Nyama

Muuza nyama mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Sarara kwa kuwa kila mteja alimwahidi sarara, ile nyama laini ya mgongoni, kisha akamfungia shingo, alijaliwa binti asiyekula nyama.

Hakuzaliwa hivyo. Mpaka anatimiza miaka kumi na mmoja alikuwa akiguguna mifupa kwa bidii iliyowafanya mbwa wa jirani wamwone adui. Kisha shule yake ikapata Mwalimu wa Lishe, mwanamke mtamu wa maneno aliyevaa kijani kuanzia kilemba hadi viatu, na mwalimu huyo akalionyesha darasa picha ya ndama anayemtafuta mama yake. Jioni ile binti aliisukuma sahani yake katikati ya meza, akatangaza kwamba tangu siku hiyo hatakula kitu chochote kilichowahi kuwa na mama.

"Hata boga lina mama," baba yake alimwambia. "Au unadhani lilishuka na mvua?"

Binti hakucheka. Alisoma orodha kutoka kwenye daftari: nyama, samaki, mayai, maziwa, jibini, siagi, na asali pia, kwa sababu nyuki hawakuombwa. Mama yake alikuwa mkunga, na alikwisha kuwapokea duniani watoto wengi kiasi kwamba hakuna dai la mtoto lililomshtua tena. Aliivuta ile sahani, akala nyama iliyokuwamo, akasema basi, kazi ya kufunga chakula cha shule ni ya baba, maana yeye huondoka alfajiri na hana muda wa kubembelezana na kabichi.

Mtaani habari ilipokelewa kwa shangwe. Bibi Figo, mteja wa kila Jumamosi aliyepata jina kutokana na kile anachonunua, alitaka kujua kama ni kweli yule mtoto huja jioni kuwaombea wale walioning'inia kwenye ndoano. Mwingine akashauri kibao cha mlangoni kifutwe, kiandikwe "Samahani". Sarara alicheka nao. Mtu aliyewahi kukatwa ncha ya kidole na mashine yake mwenyewe, akafunga kitambaa na kuhudumia foleni yote, hashindwi na kicheko.

Kilichomshinda ni bakuli. Lilikuwa bakuli la plastiki lenye mfuniko wa bluu, na kila alasiri binti alipotoka shule Sarara alilifungua kwanza kabla ya kumwuliza habari za masomo. Siku ya kwanza aliweka karoti mbili nzima na tango, kama mtu anayefuga sungura. Zikarudi, zimechoka kwa safari. Siku ya pili, viazi vya kuchemsha, baridi. Vikarudi. Mkate wa kupaka karanga ulirudi nusu, na ile nusu nyingine alikula rafiki. Maharage aliyoyafunga na mchuzi wake yalivuja yakaharibu daftari la hesabu. Wiki ya tatu sketi ya shule ilianza kumzunguka mtoto kiunoni, ikabidi mama yake aibane kwa pini. Sarara aliitazama ile pini, naye aliyekuwa akilisha mtaa mzima akaona haya. Mganga hajigangi, lakini angalau mganga hukonda mwenyewe.

Jumapili moja alipiga moyo konde, akachemsha dengu mpaka zikasalimu amri. Akazichuja maji, akaziponda, akatia kitunguu, kitunguu saumu, giligilani na unga kidogo wa kushikanisha. Kisha mikono yake ikafanya ilichokijua: ikazikanda zile dengu kama nyama ya kusaga, ikazipigapiga kutoka kiganja hadi kiganja mpaka hewa ikatoka, ikatengeneza vibapa vya mviringo vinavyolingana kama vifungo vya shati. Akavikaanga kwenye kikaango cha chuma alichoachiwa na marehemu baba yake. Mzee huyo alimwachia pia bucha, gogo la kukatia, na wosia mmoja tu: chuma hakilali kikavu. Kisu, shoka, msumeno, kikaango, kila chuma kikishaoshwa hupakwa, kisije kikashika kutu. Sarara alikuwa akipaka, kwa kipande alichokibeba mfukoni kimefungwa kitambaa, tangu akiwa mrefu kama meza, bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna.

Vibapa viwili alivikunja ndani ya mkate mwembamba, pamoja na parachichi na kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi. Kesho yake bakuli lilirudi limelambwa.

"Kesho weka vinne, baba," binti alisema.

"Vinne vya nini?"

"Viwili vyangu. Viwili vya biashara."

Ndivyo alivyojua kwamba uwanjani kibapa kimoja kilikuwa sawa na machungwa mawili au zamu ya mtu ya kufagia darasa. Punde mkunga naye akaanza kubeba vyake wodini, akarudi na maagizo ya wauguzi: mmoja hataki giligilani, mwingine anataka pilipili. Pini ikatoka kiunoni. Binti akaanza kupita bucha akitoka shule, jambo ambalo tangu ile picha ya ndama hakuwahi kulifanya. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, mgongo kwa ndoano, akamweleza baba yake mambo ya darasani. Siku hizo hata Bibi Figo alifungiwa sarara ya kweli juu ya figo zake, akashuku kuna ugonjwa.

Shuleni nako mambo yalikuwa yamepamba moto. Kila mwezi ukumbi ulijaa wazazi waliokuja kuonyeshana walichofunga, chini ya maandishi makubwa ya "Bakuli Safi, Dhamiri Safi". Mama mmoja alichonga tango likawa mamba mwenye meno, na mwanawe akakataa kumla kwa kuwa mamba ana mama. Baba mmoja, aliyeitwa Baba Nyota, aliamka kabla ya jogoo kuwika, akakata karoti nyota thelathini. Aliwasimulia wenzake jinsi mtoto wake anavyozifurahia, na mtoto wake alizibadilisha zote kwa kibapa kimoja cha binti wa Sarara kabla kengele haijamaliza kulia. Wote walisifiana. Mabakuli yao yalirudi nyumbani yamejaa, na kila mzazi aliamini ni lake peke yake linalorudi hivyo.

Mwalimu wa Lishe alionjeshwa kibapa, akafumba macho, akaja bucha kwa miguu yake. Alisimama kizingitini, leso puani, akasema mambo mazuri. Alikuwa anatoa kijitabu cha chakula cha mimea cha kufungwa, kwa watoto na watu wazima, na ukurasa wa kwanza alitaka uwe wa dengu hizi. Tena Sarara aje apike mbele ya wazazi. Muuza nyama aliyeongoka, alisema. Hakuna ushuhuda unaoupita huo. Sarara alimwambia hajaongoka, amepika tu. Mwalimu akacheka kama mtu aliyesikia unyenyekevu.

Binti ndiye aliyeipiga pasi aproni ya baba yake, akaikunja kama bendera. Siku ya mkutano alikwenda naye mkono kwa mkono, akakaa safu ya mbele na marafiki zake. Mwalimu alipouliza nani atamtambulisha mgeni, alisimama yeye. Alisema, "Huyu ni baba yangu. Anauza nyama, lakini akisema bakuli langu halina mnyama, halina. Mimi huwa siangalii."

Sarara alikohoa ili asilie, akajifunga aproni. Mkono wake, kwa desturi yake, ukatia mfukoni kile kitambaa kinachokaa mfukoni siku zote.

Alikuja na kikaango chake, maana fundi haazimi kifaa. Akawaeleza wazazi kuhusu dengu: zisiharakishwe, zisiachiwe maji, zikandwe bila huruma. Waliandika. Vibapa alivyotangulia kuvikaanga nyumbani vilizungushwa kwenye sinia, na Baba Nyota akachukua vitatu akisema ni vya utafiti. Sarara akawasha jiko, akakiweka kikaango, akakitazama: kimeoshwa, kikavu. Akatoa kitambaa mfukoni, akakifunua, akapitisha kile kipande cheupe kwenye chuma, mara moja kwa kuzunguka, mara moja katikati. Harufu nzuri ikapanda. Wazazi wakavuta pumzi.

"Baba," binti alisema kutoka safu ya mbele. "Hicho ulichopaka ni nini?"

"Cha chuma hicho, mama. Si cha chakula."

"Kimetoka kwa nani?"

Angeuliza kimetoka wapi, pengine Sarara angejibu bucha na kuendelea. Lakini aliuliza kwa nani. Ndipo Sarara alipokitazama kile kilichokuwa mkononi mwake kwa mara ya kwanza tangu utoto. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa mfukoni kimefungwa kwa kitambaa. Hakuwahi kukihesabu. Mtu akieleza anavyopika, hasemi kwamba alinawa mikono. Akazikumbuka wiki zote, mabakuli yote yaliyolambwa, na jasho likamtoka penye ile aproni iliyopigwa pasi.

"Mafuta ya nazi hayo, wanangu," Mwalimu wa Lishe alidakia upesi, sauti tamu kuliko kawaida. "Yakiganda huwa meupe hivyo. Sivyo, ndugu?"

Nyuma yake, mezani, vijitabu vilikuwa vimekwisha kupangwa. Ukurasa wa kwanza ulijulikana. Mwalimu alimtazama Sarara kama mtu anavyomshikia mwenzake mlango. Alichotakiwa ni kutikisa kichwa tu, apite. Ukumbi wote ungemsaidia kupita. Hata binti alikuwa anangoja akitaka mno kuamini, mikono imebana magoti.

Hapo ndipo palipomuuma. Angeamini.

"Si nazi," Sarara alisema. "Ni shahamu ya ng'ombe. Nimepaka kila siku. Sikujua kama ninakulisha, lakini nimekulisha."

Yule mama wa mamba alitema kwenye leso. Mwingine aliyekuwa amekula vinne akaanza kujisikia vibaya kwa mpangilio, kwanza kichwa, kisha tumbo, akihakikisha anaonekana. Baba Nyota, mdomo umejaa, alifikiri kidogo, akatazama kushoto na kulia, akameza. Mwalimu alieleza kwamba hili ni tatizo la vifaa, si la misingi. Jioni hiyo ukurasa wa kwanza ulichanwa kijitabu kimoja kimoja, kikaanza na ukurasa wa pili, ambao ulikuwa mamba wa tango.

Binti hakulia wala hakugomba. Alitembea mpaka nyumbani hatua tatu mbele ya baba yake, na kigoda cha bucha kikakaa kitupu siku nne. Shuleni alibeba karoti aliyoiosha mwenyewe.

"Umemlisha ng'ombe mtoto anayewalilia ng'ombe," mkunga alisema, akimpima mumewe kwa macho. "Hata adui asingebuni."

"Nilisema ukweli."

"Umesema. Sasa unataka upigiwe makofi?"

Hakutaka makofi. Alitaka kufungua bakuli, lakini bakuli lilikuwa halipiti tena mikononi mwake.

Siku ya tano aliamka akakuta taa ya jikoni inawaka. Binti alikuwa amesimama juu ya stuli mbele ya jiko, na kikaango kipya chepesi kilicholetwa na mama yake, na dengu hadi kwenye nyusi. Vibapa vyake vilikuwa vinapasuka kama udongo wa kiangazi. Sarara alipiga hatua.

"Ishia hapo hapo," binti alisema bila kugeuka.

Akaishia mlangoni.

"Hukuzikanda," alisema.

"Nimezikanda."

"Umezibembeleza. Zipige. Kiganja hiki, kiganja hiki. Hewa itoke."

Binti akazipiga. Donge moja likaruka likagonga ukuta. Baba akaeleza tena, mikono yake hewani ikikanda kitu kisichokuwapo, naye binti akiiga, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Mwisho alikunja mikate, akafunga bakuli lake la bluu. Kisha akatoa la pili, kuukuu, lililokuwa la dawa za mkunga, akalisukuma mpaka ukingoni mwa meza.

"Hili lako. Lirudi tupu."

Saa saba mchana, kati ya mbavu zilizoning'inia na mapaja mawili ya nyuma, Sarara alikaa kwenye gogo akalifungua. Kibapa kilikuwa kimevunjika vipande, nje kimeungua, ndani kibichi. Chumvi haikuwahi kupita hata jirani. Bibi Figo, aliyekuja kwa shughuli zake, aliegemea kizingiti kutazama.

"Umetubu?"

"Natumikia kifungo, bibi."

"Ni kitamu?"

Sarara alitafuna kwa utaratibu, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Mkono wake ulishuka wenyewe mpaka penye figo mbichi alizomwekea Bibi Figo, ukarudi mtupu. Alikula mpaka chembe ya mwisho, akafuta bakuli kwa kidole, akakilamba kidole.

Alasiri binti alipita. Hakukaa kwenye kigoda. Alinyoosha mkono, akapewa bakuli, akalifungua hapo hapo, akaliinua kwenye mwanga, akalinusa pembe zote kama mkaguzi wa afya.

"Vilikuwaje?"

Mzazi yeyote wa ukumbi ule angejua la kusema.

"Vibaya," Sarara alisema. "Vibaya sana, mama. Havina chumvi, na katikati ni vibichi."

Binti alifunga mfuniko. Akakivuta kigoda kwa mguu, akakaa, mgongo kwa ndoano.

"Hata mimi nilivimaliza kwa shida," alisema. "Chumvi ni kiasi gani?"